Merikani: kwa nini Wamarekani waliachia soko la Zanzibar? Vita, meli, au walipata pesa kwingine?

#1 Gora Thelathini

Wakuu, salaam.

Juzi nilikwenda kwa fundi wa makochi, nikamkuta anapigilia kitambaa kigumu chini ya kiti, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Namuuliza kinaitwaje, ananijibu "merikani" bila kuinua kichwa. Kinatoka wapi? Akageuza gora tukasoma karatasi: India. Merikani ya India! Tukacheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Tunaojua kidogo tunajua hivi. Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said alitia saini mkataba Maskati na Mmarekani mmoja, Edmund Roberts. Bidhaa zao zikiingia wanalipa ushuru wa asilimia 5, basi. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, miaka minne kabla ya Hamerton wa Waingereza. Waters alitoka Salem, bandari ndogo ya Massachusetts. Hao watu wa Salem walishusha nguo za pamba, wakapakia pembe, sandarusi, karafuu na ngozi. Nguo yao ikapanda na misafara mpaka Tabora na Ujiji, jina la nchi likawa jina la kitambaa.

Halafu tunaambiwa: Marekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe 1861 hadi 1865, pamba ikakosekana, mwisho wa habari. Mimi sikubali. Ukifunga duka miaka minne kwa msiba kisha ukafungua, wateja si wanarudi? Kwa nini hawa hawakurudi?

Nawasilisha.

#2 Kipanya wa Darajani

Siti ya mbele. Ngoja waje wenye mji.

#3 Dogo Janja 88

Nimeingia mbio nikidhani ni habari za viza. Kumbe makochi.

#4 Mzee wa Hesabu

Mtoa mada, swali lako zuri, ila mfano wa duka haukai. Duka lako likifungwa miaka minne na jirani akafungua lake mlango wa pili, akauza kile kile kwa bei ya chini, wateja hawarudi.

Jirani huyo ni Bombay. Kiwanda cha kwanza cha nguo cha mvuke pale kilianza kutoa mzigo 1856. Vita vya Marekani vilipolipuka, manowari za Kaskazini zilifunga bandari za Kusini, na Kusini ndiko pamba ilikotoka. Viwanda vya Massachusetts vikabaki na mashine bila nyuzi. Bei ya merikani Zanzibar ikapaa. Sasa angalia nani alikuwa anauza nguo rejareja pale Unguja na pwani yote: Wahindi wa Kutch, magharibi mwa India, wenye ndugu zao Bombay. Unadhani wangeendelea kumsubiri nani?

Kwangu hesabu imefungwa.

#5 Binti Shangani

Mzee wa Hesabu, ifungue kidogo.

Kwanza, mtoa mada anauliza kwa nini hawakurudi, na #4 anamjibu kana kwamba kweli hawakurudi. Walirudi. Stanley alipokuwa Unguja 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone alinunua merikani tele, na wazoefu wakamwambia doti 10 (doti ni yadi nne) kwa siku zinatosha chakula cha watu 100 njiani. Hiyo ni miaka sita baada ya vita. Nguo ya Kimarekani ilishuka ikapanda, na Bombay ilipoanza kutawala hasa karne ilikuwa inakaribia kuisha.

Pili, pembe ziliendelea kwenda Marekani mpaka karne ya 20.

Waliokufa ni Salem. Msichanganye maiti na ukoo mzima.

#6 Gora Thelathini

Binti Shangani, nimekubali nusu. Nimekosea kusema "hawakurudi". Ila nusu ya pili inanikera zaidi: kama nchi ilikuwepo, viwanda vilikuwepo, na jina tayari lilikuwa mdomoni mwa kila mteja mpaka Manyema, unapotezaje soko la namna hiyo? Leo kampuni ingelipa mabilioni kupata jina kama hilo.

#7 Mkisii wa Lowell

Wadau, mimi naishi Lowell kwenyewe, mji wa viwanda vya nguo huko Massachusetts. Wakenya tumejaa hapa, ukienda dukani Jumamosi utasikia Kiswahili, Kikuyu na Ekegusii kabla ya Kiingereza. Niliishi miaka mitatu bila kujua mji huu una uhusiano wowote na kitambaa ambacho nyanya yangu alikiita "marikani".

Kuna kiwanda cha zamani kimefanywa makumbusho. Wanakupa vizibo vya masikio mlangoni. Nikadhani ni mbwembwe. Wakawasha sehemu tu ya zile mashine za kufuma, na ghorofa likaanza kutetemeka mpaka meno. Nikaweka mkono kwenye nguzo, nguzo inapiga kama moyo. Sasa fikiria zikiwa zote zimewashwa, zaidi ya saa 12 kwa siku, madirisha yamefungwa ili nyuzi zisikauke na kukatika.

Waliokuwa wanafuma mwanzoni ni wasichana wa mashambani, wengine miaka 15. Walilala mabweni ya kampuni, wakaamshwa na kengele ya kampuni, na saa nne usiku milango inafungwa. 1834 mshahara ulipokatwa waligoma. 1836 ada ya bweni ikapandishwa, wakagoma tena. Mji wenyewe umepewa jina la Francis Cabot Lowell, tajiri wa Boston aliyekwenda Uingereza, akatazama mashine zao kwa macho tu kwa sababu michoro ilikatazwa kutoka, akarudi nayo kichwani. Akasimamisha kiwanda chake Waltham, pamba inaingia mlango huu ikitoka nguo mlango ule. Alikufa 1817, mji ulikuwa haujazaliwa.

Kwa hiyo mkisema "Marekani walileta nguo", mjue na nani aliyeifuma.

#8 Baba Neema

#7 umesahau nani aliyeichuma. Pamba hiyo ilitoka Georgia, Alabama, Mississippi, imechumwa na watumwa. Ile mashine ya kuchambulia pamba ya Eli Whitney ya 1793 watu wanaisifia kama uvumbuzi, lakini ndiyo iliyofanya utumwa wa Kusini uzidi kunenepa badala ya kukonda.

Sasa fuata uzi, maana ni uzi kweli. Mtu mweusi aliyefungwa Alabama anachuma pamba. Msichana wa Lowell anafuma. Mfanyabiashara wa Salem anapakia. Waters anashusha Unguja, na Waters huyo alikuwa mcha Mungu aliyechukia utumwa, jioni anaandika kwenye shajara yake jinsi roho inavyomuuma kuona watumwa Zanzibar. Kisha nguo inapanda bara, inanunua pembe, na huko bara wakati mwingine inanunua na watu.

Halafu asubuhi anafungua ghala anauza gora nyingine.

#9 Dogo Janja 88

Baba Neema leo umekunywa chai ya tangawizi.

#10 Nahodha Mstaafu

Vijana mnaongea pamba, pamba. Biashara hii ilikuwa ya bahari, na ilifia baharini.

Wakati wa vita hivyo Kusini walikuwa na meli yao ya kuwinda meli za biashara za Kaskazini, inaitwa Alabama. Ilikamata na kuchoma makumi ya meli kabla haijazamishwa mbele ya Cherbourg, bandari ya Ufaransa, Juni 1864. Mnajua ilipita wapi Februari ya mwaka huo? Nzuwani, hapo Komoro! Siku chache tu za tanga kutoka Unguja. Nahodha gani wa Salem angelala usingizi? Bima ikapanda, matajiri wakaziuza meli zao au wakazisajili chini ya bendera ya Uingereza, na zilizobadilishwa bendera sheria yao wenyewe haikuziruhusu kurudi.

Mwaka 1869 Suez ikafunguliwa. Mfereji ule hauna faida kwa meli ya tanga: Bahari ya Shamu upepo wake ni balaa, na kuivuta mferejini ni gharama. Ni wa meli za moshi. 1872 Waingereza wakaanzisha meli ya moshi ya kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Jahazi la Salem linazunguka Rasi ya Tumaini Jema miezi mitatu na zaidi, mwenzake anakuja na barua na bei za wiki iliyopita.

Meli ya mwisho kuingia Salem kutoka Zanzibar ilikuwa Glide, 1870. Tazama miaka mwenyewe.

#11 Binti Shangani

Nahodha, nakuheshimu, ila Salem ilikuwa mgonjwa kabla ya Alabama kuundwa. Bandari yake ina kina kifupi. Reli ya kutoka Boston ilifika karibu nayo 1838, kwa hiyo mzigo ukawa rahisi kushushwa Boston. Na matajiri wake wenyewe walishaanza kuhamishia pesa viwandani: Naumkeag, kiwanda cha nguo cha mvuke, kiliandikishwa 1839 hapo hapo Salem, na mashine zikaanza kazi 1847. Yaani waliacha kuwa mabaharia wakawa wafumaji. Alabama alimkuta mgonjwa kitandani.

Halafu tusisahau nasi tulipeleka meli kwao. Sultana iliingia New York 30 Aprili 1840, mwakilishi wa Sayyid akiwa Ahmad bin Naaman. Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama mabaharia wetu, wengine wakawavuta ndevu. Picha ya Ahmad bin Naaman iliyochorwa huko ipo mpaka leo, na iko wapi? Makumbusho ya Salem.

#12 Mfuko wa Shati

Wote mnazunguka. Fuateni pesa.

Kuna tajiri wa Boston, John Murray Forbes. Utajiri wake wa kwanza aliupata Canton kwenye biashara ya China. Mwaka 1846 akaongoza wenzake kununua reli ya Michigan Central, baadaye akaingia reli za Chicago kwenda magharibi. Bahari akaiacha. Na hakuwa peke yake. Marekani ilikuwa na reli kama maili 30,000 mwaka 1860, kufika 1900 karibu maili 193,000. Mei 1869 reli ikaunganisha pande mbili za bara lao. Ndani ya nchi kuna ngano, chuma, shaba, mafuta, na wahamiaji wanashuka kila siku wanaotaka kununua shati.

Sasa wewe una dola 10,000. Utazipeleka Zanzibar, usubiri mwaka mzima ujue kama meli imerudi, au utanunua hisa za reli? Hawakushindwa na mtu. Walipata kizuri zaidi nyumbani, wakaondoka.

#13 Shangazi Kaja

#12 umenikumbusha kaka yangu. Alikuwa na mitumbwi miwili ya dagaa Mwanza, ikalipa vizuri. Bodaboda zilipoingia akauza mitumbwi akanunua pikipiki saba. Mpaka leo ukimuuliza anasema ziwa halina samaki. Samaki wapo! Jirani aliyenunua mitumbwi yake kajenga.

#14 Mzee wa Hesabu

Shangazi umempiga Mfuko wa Shati bila kumgusa.

Lakini kweli #12, hoja yako ina tundu. Reli zilifilisi watu wengi pia. 1873 benki ya Jay Cooke ilianguka kwa sababu ya hati za mkopo za reli, ikaangusha na wengine. Kama ni pesa zenye akili, mbona hazikurudi baharini baada ya hapo?

#15 Mfuko wa Shati

Kwa sababu meli zilishauzwa, mkuu. Ndiyo maana nikasema waliondoka, sikusema walisafiri.

#16 Fundi Cherehani Tanga

Naomba nami niseme la kifundi, maana nyote mnaandika kama nguo ni namba.

Merikani ilipendwa kwa sababu ilikuwa nguo ya kweli. Nzito, nyuzi zimebanana, haijapakwa. Nguo nyingi za Manchester za wakati ule zilijazwa wanga ili zionekane nzito. Fundi au mteja mjanja anazijua: unaikunja pembe, unaifikicha kwa vidole viwili karibu na sikio. Ikitoa unga na mlio ukalegea, ukiifua mara moja inabaki wavu. Mimi nafanya hivyo mpaka leo dukani na wenye maduka wananichukia. Waingereza waliiga merikani, hata mhuri wakaiga, watu wa bara wakaikataa kwa miaka mingi. Mwafrika hakuwa mjinga wa soko.

Gora lilikuwa kama yadi 30. Shuka ni mikono minne, yaani yadi mbili. Shuka mbili ni doti. Akina mama mkinunua doti ya kanga leo mnapima kwa kipimo cha msafara bila kujua.

Kwa hiyo jibu langu: soko lilipotea siku Bombay ilipojua kufuma nguo inayopita mtihani wa vidole. Kabla ya hapo bei pekee isingetosha.

#17 Baba Neema

Fundi, safi sana. Bibi yangu Mkinga sanda yake aliiweka sandukuni miaka ishirini, merikani.

#18 Kipanya wa Darajani

Sanda bafta bwana. Merikani utamzika mtu kama gunia la karafuu?

#19 Baba Neema

Huko kwenu bafta. Kwetu milimani alizikwa na merikani na tulimwona. Usinizikie bibi upya.

#20 Mama wa Gengeni

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mnasema Wamarekani waliondoka, na debe je? Nilisoma mahali kwamba debe letu la kupimia mahindi ni kopo la mafuta ya taa ya Standard Oil ya Rockefeller. Kweli au porojo?

#21 Mzee wa Hesabu

Kopo kweli, jina hapana. Neno limetoka kwa Wahindi, "dabba". Kopo lenyewe ni hili: mafuta ya taa ya Kimarekani yalisafirishwa kwa makasha ya mbao, ndani makopo mawili ya bati ya pembe nne, kila moja galoni tano za kwao, karibu lita 19. Mafuta yakiisha, nani atatupa bati zuri vile? Likawa la maji, la unga, la kuezekea kibanda, na kipimo cha gengeni.

Ila si Rockefeller peke yake. Warusi wa Baku nao walileta ya kwao, wakasumbuana sana kwenye masoko ya Mashariki. Standard Oil yenyewe ilianza 1870, ikavunjwa na mahakama 1911 kuwa kampuni 34. Debe halikuvunjwa.

#22 Gora Thelathini

Mama wa Gengeni hujatoka nje ya mada hata kidogo. Mmeona? Hawakuacha kuuza, walibadilisha bidhaa. Nguo ilitoka mikononi, taa ikaingia.

#23 Binti Shangani

Na walizidi kununua. Kuna vijiji viwili jirani Connecticut, Deep River na Ivoryton. Huko ndiko pembe zetu zilikoishia, kwenye kampuni kama Pratt, Read na Comstock, Cheney. Pembe ilikatwa vipande vyembamba kama ukucha vya kubandika kwenye vibao vya piano. Kisha walijenga nyumba ndefu za vioo, wakavipanga vile vipande humo kwa wiki nyingi jua livifanye vyeupe. Mwaka 1909 Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Kila mke wa karani alitaka moja sebuleni.

Sasa pima: mpagazi amebeba pembe miezi mitatu kutoka Tabora, kule msichana anajifunza wimbo wa kanisani juu yake.

#24 Mkisii wa Lowell

Ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka kwangu. Nitakwenda majira ya joto nitupie picha kama kuna kilichobaki.

#25 Mpemba Halisi

Nyinyi nyote mnawatazama Wamarekani tu. Hebu n'kuulizeni: Waters alikuwa akimuuzia nani? Hakuwa na duka. Mzigo ulipita mkononi mwa Jairam Shivji, aliyekodi forodha kwa Sayyid. Jairam akitoza ushuru, huyo huyo akitafuta wateja, akikopesha, akikusanya pembe na sandarusi. Waters na Jairam walishikana mpaka wafanyabiashara wengine wa Kimarekani, hasa wa New York, wakalalamika kwamba hawapati mzigo wala hamali wa kuwashushia. Wamarekani wakipigana na Wamarekani Unguja, wa kwanza kabisa hao!

Kwa hivyo soko halikuwa lao hata siku moja. Lilikuwa la mwenye mkopo. Mwenye mkopo leo akichukua nguo ya Salem, kesho akachukua ya Bombay, msafara haujui tofauti maana jina ni lile lile. Huwezi kupoteza kitu ambacho hukuwa nacho.

#26 Mfuko wa Shati

#25 hii nzito. Ila kama Jairam ndiye mwenye soko, mbona na yeye nyumba yake baadaye ilinyang'anywa forodha?

#27 Mpemba Halisi

Hiyo fungua uzi wako sheikh, nina mengi.

#28 Msimamizi

Uzi umehamishiwa jukwaa la Historia. Aliyeweka tangazo la magodoro amefutiwa.

#29 Dogo Janja 88

Sikuwa natangaza, nilikuwa naonyesha merikani kwa ndani.

#30 Fundi Cherehani Tanga

Mtoa mada, lile gora la fundi wako wa makochi umelifikicha?

#31 Gora Thelathini

Nimerudi kwake leo na nikalinunua lote. Kwa vidole limepita, halitoi unga. Nikakaa kulipima sebuleni kwa mkono, mke wangu ananitazama kama nimerogwa. Karatasi inasema yadi 30. Nimepata 27 na nusu, mara mbili.

#32 Kipanya wa Darajani

Mkono wako mrefu huo. Mpe shemeji apime.